Kitalu cha Mbu

Mjomba wangu alinipigia simu mwezi wa Februari akaniuliza apande nini. Alikuwa amemaliza kujenga kitalu nyumba nyuma ya nyumba yake, pembezoni mwa mji wa Ifakara, kwa fedha ya mpunga wa misimu miwili. Mafundi walipokusanya vifaa vyao na kuondoka, ndipo alipogundua kwamba ana nyumba ya plastiki na hana mpango. Nilimkumbusha kwamba nasoma shahada ya uzamili ya historia, wala sijawahi kuotesha hata mchicha.

"Si unasoma?" akasema. "Basi soma."

Karatasi ya maelekezo aliyopewa pamoja na mbegu haikumsaidia. Ilikuwa imetafsiriwa kutoka lugha nyingine, ikamwelekeza apande mwanzoni mwa majira ya kupukutika majani ili avune majira ya baridi. Mjomba alitaka kujua ni majani ya mti gani hayo. Bondeni kwetu tuna masika, kipupwe, kiangazi na vuli, na kila mkulima anajua kazi ya kila kipindi bila kusoma popote. Lakini sisi tuko kusini mwa ikweta. Ukilazimisha tafsiri, majani yangepaswa kupukutika kati ya Machi na Mei, wakati ambapo mvua inanyesha hadi Mto Kilombero unafurika, na baridi ingekuja Juni hadi Agosti, ambacho ndicho kipupwe chetu. Kwa hiyo swali la mjomba, ukiondoa theluji, lilikuwa hili: katika kitalu nyumba kipya kilichoko bondeni, mtu apande nini tangu masika hadi kipupwe?

Nilianza kutafuta maandishi yanayohusu Ifakara na vitalu nyumba, nikitegemea kukuta nyanya na hoho. Nilikuta mbu.

*

Mwaka 2008 jarida la Malaria Journal lilichapisha makala ya Heather Ferguson na wenzake, wakiwemo Watanzania kama Kija Ng'habi na Hassan Mshinda. Walieleza jinsi walivyojenga kitalu nyumba katika Taasisi ya Afya Ifakara. Fremu ilikuwa ya kitalu cha kawaida cha mazao. Paa lilikuwa la plastiki, kuta zilikuwa za chandarua, na vyote vilisimamishwa juu ya jukwaa la zege. Eneo lake lilikuwa mita za mraba 625, karibu sehemu ya sita ya ekari, likiwa limegawanywa katika sehemu nne za kazi. Ujenzi ulikamilika katika muda usiofika miaka miwili. Zao lililokusudiwa lilikuwa mbu wa malaria, jenasi ya Anopheles.

Mara ya kwanza nilicheka. Nani anafuga mbu Ifakara? Ni kama kuuza mchanga pwani. Lakini nilipoendelea kusoma nikaona tatizo lao lilikuwa la kweli. Mbu wa maabara huishi kwenye kizimba kidogo na hulishwa maji ya sukari kwenye pamba. Baada ya vizazi vingi anakuwa kiumbe cha kizimba, na anachofanya humo hakikuambii sana atafanya nini kijijini. Ukienda kijijini kwenyewe, huwezi kujua mbu uliyemkamata leo ametoka wapi, ana umri gani, wala jana alilala kwa nani. Tena huwezi kuwaachia mbu zaidi miongoni mwa watu kwa ajili ya jaribio. Walihitaji mahali pa kati: pawe nje kwa hali ya hewa na ndani kwa ulinzi.

Wazo hilo lilikuwa limeshajaribiwa kandokando ya Ziwa Victoria. Mwaka 2002 Bart Knols na wenzake walieleza kitalu cha namna hiyo huko Mbita, magharibi mwa Kenya, chenye nyumba ya kienyeji, mimea na madimbwi ya kuzalia. Knols alikuwemo pia katika kundi la Ifakara, ambako ukubwa uliongezeka mara nyingi. Vitalu vya namna hiyo vilivyokuwepo duniani kabla ya hapo havikufikia mita za mraba 100.

Hapo ndipo swali lao likakutana na la mjomba. Ukishapata nyumba mpya ya chandarua na plastiki, unapanda nini ndani yake? Mkulima wa nyanya huchagua mmea anaoutaka na kuzuia vingine vyote. Hawa walitakiwa kupanga kila kitu ambacho mbu anakihitaji tangu kuzaliwa hadi kufa. Anahitaji maji ya kutagia, nyumba ya kuingia usiku, na damu kwa ajili ya mayai ya jike. Anahitaji pia kivuli cha mchana na, jambo ambalo wengi wetu hatulijui, sukari ya mimea. Mbu dume haumi mtu maisha yake yote. Anaishi kwa utamu wa maua na majani. Jike naye hunywa sukari hiyo katikati ya milo yake ya damu. Utafiti uliofanywa Kenya umeonyesha kwamba Anopheles hawatui kwenye mmea wowote ilimradi mmea. Wana mapendeleo yao, na mojawapo ya mimea waliyoifuata sana ni mbarika, ule mnyonyo unaoota wenyewe kwenye majalala na kando ya vyoo.

Kitalu cha kawaida hujengwa ili kuyaweka mazingira mbali na zao. Cha Ifakara kilijengwa ili kuyaingiza: mandhari ya kaya ya kijijini, joto la bonde, masika na kiangazi chake, vyote chini ya paa moja. Mwaka 2010 Ng'habi na wenzake waliandika kwamba Anopheles arabiensis, mmoja wa wabebaji wakuu wa malaria bondeni, alikuwa amejiendeleza mwenyewe humo, vizazi vikipishana bila kukatika. Mbu alikuwa amekubali kuota.

Walichokifanya na mavuno hayo ndicho kilichonifanya niache kucheka. Mwaka 2014 Dickson Lwetoijera na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika ndani ya vitalu vya namna hiyo. Walipaka vyungu vya udongo dawa inayozuia viluwiluwi wasigeuke mbu kamili, wakaviweka mahali ambapo mbu hupenda kupumzika. Mbu jike anapumzika chunguni, unga unamshika miguuni, kisha anakwenda kutaga, na anaupeleka mwenyewe kwenye maji ya watoto wake. Sehemu kubwa ya viluwiluwi katika madimbwi hayo hawakuwahi kuruka. Mazalia madogo ambayo binadamu angetafuta mwaka mzima asiyaone, mbu anayajua yote. Ilitosha kumtuma.

*

Mwanafunzi wa historia akishaona kitalu na malaria katika sentensi moja, hawezi kujizuia kurudi nyuma. Urafiki wa viwili hivi ni wa zamani. Katika miaka ya 1860 Waingereza walisafirisha miche ya mkwinini kutoka milima ya Andes, Amerika Kusini, wakaipitisha kwenye nyumba za vioo za bustani ya Kew, London, ili ikapandwe India. Ganda la mti huo ndilo lililotoa kwinini. Bila dawa hiyo, utawala wa Wazungu katika nchi za joto ungewagharimu makaburi mengi zaidi. Wajerumani walipoanzisha kituo chao cha utafiti Amani, Usambara, mwaka 1902, mkwinini ulikuwa miongoni mwa mimea waliyoijaribu. Vita Kuu ya Kwanza ilipoyafunga mawasiliano yao na kwao, Amani ilitengeneza kwinini ya majeshi yao. Kwa hiyo kitalu kiliingia katika vita vya malaria kwa kuotesha dawa. Ifakara, karibu karne moja na nusu baada ya Kew, kikatumika kumwotesha adui ili afahamike.

Kuna kiungo kingine kati ya bonde letu na Ulaya. Mwaka 1939 Paul Müller, mkemia wa kampuni ya Geigy mjini Basel, Uswisi, aligundua kwamba DDT inaua wadudu. Mwaka 1948 akapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1949 Rudolf Geigy, profesa wa zoolojia kutoka ukoo uleule wenye jina hilo, alifika Ifakara, ambako wamisionari Wakapuchini wa Uswisi walikuwa wanaendesha kazi ya hospitali. Katika miaka ya 1950 likajengwa hapo tawi la utafiti la Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, ambalo baada ya miongo na mabadiliko kadhaa ndilo lililozaa taasisi ya leo. Wakati dunia inaamini kwamba unga mweupe utamaliza mbu, mtu mwenye jina lililoandikwa kwenye unga huo alichagua kuja kukaa karibu na mbu na kuwachunguza. Sijui kama yeye mwenyewe aliliona hilo kuwa la ajabu. Mimi naliona.

*

Lakini kitalu kikubwa cha mbu bondeni hakina paa. Kinaitwa jaruba.

Mpunga mchanga uliotoka kupandwa, majani yakiwa mafupi na maji yakiangazwa na jua, ni mahali anapopapenda sana Anopheles arabiensis. Mpunga ukikua na kufunika maji kwa kivuli, huyo hupungua, na aina nyingine inayopenda maji yenye majani inapata nafasi yake. Mahindi nayo hayana usalama. Watafiti nchini Ethiopia walionyesha kwamba chavua ya mahindi ikidondoka kwenye madimbwi huwalisha viluwiluwi hadi wakakua haraka na kuwa wakubwa, na mwanahistoria James McCann ameandika juu ya uhusiano huo wa kuenea kwa mahindi na malaria. Sisi tunahesabu magunia. Kila tunachopanda kinaotesha na kitu kingine ambacho hakipelekwi sokoni.

Na bonde limepangwa hivyo na historia. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, familia nyingi zilihamishwa kutoka makazi ya kutawanyika karibu na mashamba kwenda vijiji vya kando ya barabara na reli. Watu walihama, majaruba hayakuhama. Hadi leo kaya nyingi zina nyumba mbili: ile ya kijijini, na kibanda cha shambani ambako huishi kwa wiki au miezi tangu kulima hadi kuvuna, kwa sababu mpunga usiolindwa ni mpunga wa ndege.

Mama yangu alikwenda kuamia ndege mwaka 1994 akiwa na mtoto wa kwanza mgongoni. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Shamba lilikuwa ng'ambo ya mto, safari ya mtumbwi na kisha mguu. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi. Homa ilimpanda jioni. Usiku hapakuwa na mtumbwi, na asubuhi, mtumbwi ulipopatikana, haukuwa na haraka tena. Mama hueleza hayo kwa sentensi tatu, hizohizo, tangu nilipokuwa mdogo. Nilipomuuliza mwaka huu kama walijua wakati ule kwamba ni mbu, alinitazama kama mtu anayeulizwa kama alijua kwamba mvua inalowesha.

"Tulijua," akasema. "Homa na ndege vyote vilikuja na mpunga. Ndege tuliweza kuwafukuza."

Katika kijiji cha Namawala, upande uleule wa bonde, watafiti wa miaka hiyo walikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Nimeisoma namba hiyo mara nyingi. Nilipoisoma mara ya kwanza niliigawa kwa siku za mwaka, nikapata karibu kila usiku, nikafunga kompyuta.

Miaka miwili baada ya ndugu yangu kufa, mwaka 1996, ulianza mradi wa KINET katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Uliuza vyandarua na dawa ya kuvitia kwa jina ambalo kila mtu wa rika la mama analikumbuka: Zuia Mbu. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2001 ilionyesha kwamba matumizi ya vyandarua vyenye dawa yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 katika uwezekano wa watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne kubaki hai. Watu walivibeba hadi mashambani. Utafiti wa vibanda vya bondeni uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta karibu kila mtu analala ndani ya chandarua. Nilikua ndani ya chandarua cha bluu kilichofungwa kwenye miti ya kibanda. Sikuwahi kukiona kuwa kitu cha kihistoria.

Mbu naye ana historia yake. Vyandarua vilipoenea, Anopheles gambiae, aliyezoea kuuma ndani usiku wa manane, alipungua sana bondeni. Waliobaki kushika kazi ni arabiensis, ambaye hajali kunywa damu ya ng'ombe au kukusubiri nje jioni unapopika, na funestus. Ndiyo maana kitalu cha Ifakara kilihitajika: chandarua kilikuwa kimejibu swali la mbu mmoja, na wengine wakauliza jipya.

*

Nilifika kwa mjomba mwishoni mwa Aprili, mvua ikiwa imekolea. Kitalu chake kilikuwa kimefunikwa plastiki pande zote, paa na kuta, kama kilivyochorwa kwenye kijitabu cha nchi za baridi. Mvua ikikatika na jua likitoka, ndani palikuwa hapakaliki. Nyanya ikipata joto la namna hiyo hutoa maua mazuri kisha huyadondosha, maana chavua yake huharibika. Nilimweleza juu ya kile kitalu kingine, paa la plastiki na kuta za chandarua. Hakupenda kusikia kwamba wenye akili zaidi yake kwa ujenzi walikuwa wafuga mbu, lakini aliwaita mafundi. Plastiki ya kuta ikatoka, ukaingia wavu wenye matundu madogo, ambao pia unamzuia kantangaze, mdudu aliyekwishawatia hasara wakulima wengi wa nyanya.

Kisha tukapanga majira yetu wenyewe. Masika, kitalu kina faida moja kubwa: paa. Nje, mvua hizi huleta ukungu unaochoma nyanya na matango shambani kabla hayajakomaa, na ndiyo miezi ambayo bei hupanda. Kwa hiyo masika inayokuja atakuwa tayari na matango, mboga za majani, na nyanya zilizooteshwa mapema. Mwaka huu tulikuwa tumechelewa. Miche ya nyanya iliyokuwa kwenye trei ingehamishwa Mei na kuiva katikati ya kipupwe. Kipupwe ndicho kipindi kizuri cha nyanya na hoho kwa sababu usiku kuna ubaridi. Ubaya wake ni kwamba kila mtu analijua hilo, na nyanya za mashamba ya wazi huwa nyingi sokoni. Nilimwambia mjomba kwamba atapata nyanya nzuri na bei ya kawaida. Alisema kwa mwaka wa kwanza inatosha.

Ilipofika jioni alinipeleka kunionyesha kitu alichojivunia kuliko kitalu chenyewe. Nyuma yake alikuwa amechimba shimo, akalitandika karatasi ya nailoni, na maji yote ya paa yaliingia humo kwa mfereji kusubiri kiangazi. Maji yalikuwa safi na ya kina kifupi, bila kivuli chochote. Nilichuchumaa. Juu ya maji palikuwa na vijiti vidogo, kama vipande vya uzi wa kahawia, vimelala sambamba na uso wa maji. Viluwiluwi wa mbu wa kawaida wa chooni huning'inia kwa mshazari, kichwa chini. Wanaolala sambamba ni Anopheles. Nilikuwa nimesoma hivyo wiki tatu kabla, na nikatamani nisingekuwa nimesoma.

"Mjomba," nikasema, "zao lako la kwanza limeshaota."

Alichuchumaa naye, akatazama kwa muda mrefu. Nyumba yake iko hatua thelathini kutoka pale, na wajukuu wake wawili wanalala chumba cha nyuma. Hakusema kitu. Alinyanyuka akaenda kuleta vipande vya wavu vilivyobaki kwenye kuta, na tukalala saa nne usiku, baada ya kulifunika shimo kwa fremu ya mianzi na kufunga kamba pande zote.

Julai nilirudi tena, safari hii na mama. Nyanya zilikuwa zimeiva safu mbili za mwanzo, na mjomba alitembea katikati yake mikono nyuma kama mwalimu mkuu. Alimchumia dada yake moja kubwa. Mama aliipokea, akaishukuru, akaiweka kwenye mkoba bila kuitazama. Alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma kwenda shimoni. Alifungua kamba ya upande mmoja, akainua wavu, akainama juu ya maji akayatazama taratibu, pembe kwa pembe. Kisha akaurudisha wavu na kuifunga kamba upya kwa fundo lake mwenyewe.

"Hii ya mwanzo ilikuwa inalegea," akamwambia mjomba.